Neno la Herufi Tano Lenye K: Mwongozo kwa Nyumba ya Mkulima wa Chai

Jioni, majani yakishapimwa na lori likishaondoka, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet. Halihusu bei ya mbolea wala mvua ya kesho. Mtoto ameinamia simu, miraba mitano iko mbele yake, nafasi sita alizopewa zimebaki mbili, naye anapaza sauti: "Baba, nitajie neno la Kiingereza la herufi tano lenye K!" Baba anajikuna kichwa. Mama anasema "milk", wanahesabu, zinatoka nne. Mwishowe mtoto anaingia kwenye intaneti, anakuta orodha ya mamia ya maneno, ananakili moja asilojua lina kazi gani duniani, anashinda, analala.

Mwongozo huu ni wa nyumba hiyo. Naamini kabisa kwamba mtu aliyezaliwa kati ya Kapkatet na Mogogosiek hana sababu ya kukopa orodha ya maneno ya Kiingereza yenye K. Maneno hayo yako shambani kwake, yako kiwandani, yamepigwa chapa kwenye gunia la chai yake, na yamo katika ripoti inayotoka Mombasa kueleza chai hiyo ilikuwaje mdomoni. Kazi iliyobaki ni kuyaokota moja moja na kujua kila moja linasema nini.

Kabla ya yote, ifahamu K yenyewe. Katika Scrabble ya Kiingereza, mchezo aliouanza Mmarekani Alfred Butts miaka ya 1930 na ambao ulipewa jina hilo mwaka 1948, kuna vigae 100. Vya E ni 12, vya A ni 9, vya I ni 9. Cha K ni kimoja tu, nacho kina thamani ya pointi 5. Sasa tazama ramani yetu: Kericho, Kapkatet, Kapkoros, Kapset, Kipkelion, Konoin. "Kap" kwa Kikipsigis hutangulia jina la nyumba au mahali pa watu fulani, kwa hiyo vibao vya barabarani kutoka Litein hadi Bomet mjini vinatosha kumaliza K za seti za wilaya nzima ya Uingereza. Kwa bahati mbaya sheria za mchezo hazikubali majina ya mahali, na aliyezitunga hakufika kwetu kwanza. Usipoteze jioni kubishana nazo. Chukua kigae chako kimoja cha K, kitunze, ukitafutie neno linalokistahili.

La pili, kataa kukariri neno bila maana yake. Najua yuko aliyefanikiwa kwa kukariri, nami namheshimu: Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, akarudia ajabu hiyo kwa Kihispania mwaka 2024. Mwacheni Richards na kipaji chake. Mkulima wa chai hana nafasi ya kuishi hivyo, kwa sababu neno lilelile linalompa mtoto ushindi kwenye simu ndilo linalopandisha au kushusha bei ya kilo ya chai ya baba yake mnadani. Maana kwake ni pesa, ni karo, ni mabati.

Basi ingia shambani. Neno la kwanza linakungoja huko: STALK.

STALK ni kikonyo, kile kishina chembamba kinachobeba jani. Kwenye sinia la mnunuzi, STALK ni vile vipande vya rangi ya kahawia vinavyojitokeza ndani ya chai kavu iliyopaswa kuwa nyeusi tupu. Vinatoka kwenye vidole vyetu. Kanuni ya kuchuma ni majani mawili na kichipukizi, na kila mtoto wa eneo hili ameisikia kabla hajajua kusoma. Lakini mzunguko wa kuchuma ukichelewa, kwa sababu wachumaji wamekosekana au mwenye shamba yuko mjini, kichaka hakimsubiri mtu. Jani la tatu linatokea, la nne linafuata, kikonyo kinakomaa na kupata nyuzi, na siku mchumaji akifika anavuna vyote pamoja, maana mizani ya kituo hupima uzito tu. Mikasi na mashine za kuvunia zikitumiwa bila uangalifu hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Kiwandani zipo rola za umeme tuli zinazonasa nyuzi na vikonyo vikavu wakati wa kuchambua, lakini kila kikonyo kilichonaswa kimeshakula nafasi kwenye lori, kimeshakula kuni na umeme, na bado vingine vinapita. Katika maneno yote nitakayoyataja, hili ndilo mkulima analoweza kulifuta kwa mkono wake mwenyewe. Nalirudia kwa wanaosoma huku wakicheza: STALK pia ndilo neno zuri kuliko yote la kuanzia mchezo, kwa sababu S, T, A na L hutokea mara nyingi sana katika Kiingereza, na K iko mwishoni, mahali ambapo Waingereza hupenda kuiweka.

Ukishachuma, nenda kituo cha kununulia majani. Hapo ndipo darasa lilipo, kwa kuwa lori la kiwanda huchelewa, hasa barabara ya murram inapokuwa tope. Tumia saa hizo vizuri, lakini kwa utaratibu huu: kwanza legeza gunia, tandaza majani kivulini yapate hewa, ndipo ushike simu. Majani yaliyoshindiliwa hupata joto yenyewe kwa yenyewe, huanza kuchacha kabla ya wakati wake, yakawa mekundu. Hakuna mashine ya kuyarudisha yalivyokuwa. Mtu anayetafuta neno la herufi tano huku majani yake yakiungua ndani ya gunia anajitafutia neno baya.

Lori likifika, lifuate kwa mawazo hadi kiwandani. Iwe ni Tegat au Toror, Momul au Litein, Kapkoros au Tirgaga, safari ya jani ni ileile. Linanyaushwa kwa saa nyingi kwenye vihori virefu vinavyopulizwa hewa hadi lilegee. Kisha linapita kwenye mashine inayoitwa kwa herufi tatu, CTC, yaani kusaga, kurarua na kukunja. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwaka 1930, na chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwayo. Jani linaingia likiwa jani, linatoka likiwa punje. Ikiwa halikutoka punje, likatoka vipande bapa kama magamba, mwonjaji ataandika FLAKY. Huenda meno ya rola yamechakaa, huenda majani yalikuwa magumu. Kwenye Scrabble FLAKY ina pointi 15. Kwenye mnada inakupunguzia.

BLACK nitaipita haraka, kila mtu anaijua. Ni sifa ya chai kavu yenye rangi inayotakiwa. Ukiiona kwenye ripoti, shukuru Mungu na uendelee.

Baada ya CTC punje huachwa zichache. Neno hilo la kuchacha limezoeleka viwandani ingawa hapana chachu yoyote humo. Ni hewa inayokutana na maji ya jani na kuyageuza rangi, kijani kikawa rangi ya shaba. Kisha hukaushwa kwa hewa moto mpaka maji yaliyobaki ndani ni takriban asilimia 3. Hapo kwenye kikaushio ndipo walipojificha ndugu wawili wenye K.

SMOKY ni chai yenye ladha ya moshi. Viwanda vyetu vingi huchemsha maji ya mvuke kwa kuni za mkaratusi, na pale panapokuwa na ufa au mvujo kati ya moto na hewa ya kukaushia, moshi hupata njia ya kuingia kwenye chai. Mama anayepika chai jikoni kwenye mafiga anaijua ladha hiyo na huenda hata anaipenda. Mnunuzi wa Mombasa haipendi.

BAKEY ni chai iliyokaushwa kwa moto uliozidi. Iliingia kwenye kikaushio ikiwa salama, ikakutana na joto kali kupita kiasi au ikakaa humo muda mrefu, na harufu yake ikaondoka na mvuke. Mdomoni inaacha ladha ya kitu kilichookwa, kikavu, kilichokosa uhai. Neno hili ni la wanachai wenyewe, na mtoto anayelijua amewazidi watu wengi waliosoma Uingereza, ingawa simwahidi kwamba kila mchezo utalikubali. Nataka mkulima akumbuke jambo moja kuhusu BAKEY na SMOKY: hayakutoka shambani. Hata uchume majani mawili na kichipukizi kwa unyoofu wa mtakatifu, maneno haya mawili huandikwa na mtambo na anayeuendesha. Basi siku mkulima atakapoambiwa bei imeshuka kwa sababu ya "ubora", ana haki ya kuuliza ni ubora upi, wa kidole au wa kikaushio.

Sasa twende mezani kwa mwonjaji.

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya na ya nchi jirani huuzwa hapo kwa dola. Kabla ya kuuzwa, madalali huonja sampuli ya kila shehena. Vikombe vyeupe hupangwa safu ndefu. Upo hata utaratibu wa kimataifa wa kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103, uliotolewa kwanza mwaka 1980: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, basi. Uingereza nayo iliandika kiwango chake cha kuandaa kikombe cha chai, kurasa sita, na mwaka 1999 taasisi yake ya viwango ikatunukiwa kwa kazi hiyo tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mwonjaji hapigi funda la adabu. Huvuta chai kutoka kwenye kijiko kwa mvumo ambao ungemletea mtoto wa Kipsigis kofi mbele ya wageni, huizungusha mdomoni, huitema, husogea kikombe kinachofuata. Na kwa sekunde hizo chache anatoa neno moja.

Neno analotamani kulisema ni BRISK.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo neno la nchi yetu. BRISK ni chai iliyochangamka. Inauma ulimi kidogo kisha inauachia, inausafisha mdomo, haikai kama maji ya uvuguvugu. Chanzo chake kinajulikana. Jani linapochacha, kemikali zake za asili hugeuka kuwa theaflavini, na theaflavini pamoja na kafeini ndizo zinazoleta ule uchangamfu. Ukikatisha kuchacha mapema mno, theaflavini hazijatosha na chai inakuwa kali na chungu. Mwonjaji anaandika HARSH au GREEN. Ukichelewa, theaflavini zenyewe zinageuka kuwa kitu kingine, rangi inazidi kukolea lakini uchangamfu unakufa, naye anaandika FLAT. Kati ya mapema mno na kuchelewa kuna dakika chache, na kuna mtu aliyesimama kiwandani usiku wa manane akinusa punje kwa pua yake ili azipate dakika hizo. Miinuko yetu, baridi ya usiku na mvua za mchana humpa jani zuri la kufanyia kazi. Aliyelipatia BRISK amefanya kazi ya ufundi inayostahili kusifiwa kwa jina.

Na hapa wachezaji wa simu wawe waangalifu. Kwenye Wordle, mchezo ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma Oktoba 2021 na gazeti la The New York Times likaununua Januari 2022, kijani ni ushindi: herufi iko mahali pake. Kwenye kikombe cha mwonjaji GREEN ni kasoro. Wafundisheni watoto rangi zote mbili.

Watu wengi wa kwetu hawajawahi kuonja BRISK, na sababu yake ni sufuria. Tunapika chai ya maziwa, majani na sukari vikichemka pamoja hadi vikashikana, na chai hiyo ni nzuri, naipenda, nitaendelea kuinywa. Lakini maziwa huufunika uchangamfu wote. Basi fanya zoezi hili Jumapili moja. Nunua pakiti mbili tofauti za majani chai dukani. Pika turungi kwenye vikombe viwili, kijiko kimoja kila kikombe, maji yakiwa yanachemka kwelikweli, dakika sita kwa saa ya simu. Sukari isiguswe. Vuta kwa kelele. Sema BRISK au sema FLAT, kisha mwambie mwenzako aseme lake kabla hajasikia lako. Mkifanya hivyo mara kadhaa mtashangaa jinsi ulimi unavyojifunza upesi. Babu asiyejua Kiingereza atawashinda vijana wote, kwa kuwa ametumia umri wake akikaa na jani hilo.

Mkishaijua BRISK, THICK haitawasumbua: ni chai nzito, yenye nguvu na rangi pamoja, inayojaza mdomo. Pointi 14 na sifa juu yake.

Rudi sasa kwenye gunia. Pale ubavuni pameandikwa PF1, au BP1, na ndani ya herufi hizo limejificha neno tamu kuliko yote kwa mchezaji: PEKOE. P ya PF1 ni PEKOE. Ni neno lililosafiri. Lilitoka kwa Wachina wa Amoy, likiwa na maana ya vinyweleo vyeupe, likapandishwa merikebu na wafanyabiashara, likaingia Kiingereza, likaenda India na Ceylon, likafika Kericho na makampuni makubwa ya chai miaka ya 1920. Hivyo vinyweleo tunavyo. Nenda shambani alfajiri, geuza kichipukizi kichanga, utaviona vikiwa laini kama manyoya ya kifaranga. Lakini usidanganyike: kwenye chai ya CTC, PEKOE imeshaacha kusema habari za vinyweleo. Inasema ukubwa wa punje. BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo kuliko hiyo, zinazofuata ni ndogo zaidi. Mkulima anayedhani PF1 ni alama ya mtihani, yaani namba moja darasani, amekosea. Ni jina la chekecheke iliyopitia.

Nitavunja tena sheria ya herufi tano kwa ajili ya neno moja la herufi nne lisilo na K, kwa kuwa limewahuzunisha wazee bure. DUST. Kamusi ya shule inasema ni vumbi. Mzee akisikia chai yake imeuzwa kama DUST anaona ametukanwa. Hapana, mzee wangu. DUST ni daraja la punje ndogo sana, zinazotoa rangi upesi kwenye maji, na wako wanunuzi wanaolitaka daraja hilo hasa. Zipo siku D1, ambalo ni daraja la DUST, huuzwa kwa bei inayoikaribia PF1 au hata kuipita. Vumbi la barabara ya Sotik ni jambo lingine.

Kama bado una nafasi ya kujaribu na maneno ya chai yamekwisha, shuka pwani. Kamusi ya Collins, ambayo wachezaji wa Scrabble hutumia hapa Kenya na sehemu nyingi za dunia nje ya Marekani Kaskazini, imekubali maneno mengi ya Kiswahili. UGALI imo, UHURU imo, ingawa inakula U tatu kati ya nne zilizomo mfukoni. SHAMBA imo, PANGA imo, HARAMBEE imo. Na tazama zenye herufi tano na K: KANGA, KIKOI, KANZU. Zote nguo! Kiingereza kilipokwenda Lamu na Zanzibar kilirudi kimevaa. KIKOI inataka K mbili nawe una kigae kimoja, kwa hiyo lazima utumie kigae kitupu kwa K ya pili. KANZU ina Z ya pointi 10, jumla 18, na hiyo ndiyo thamani kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Sisi wa nchi ya baridi, watu wa sweta na gambuti, tuzichukue nguo hizo kwa shukrani.

Na mtu asikwambie kwamba neno fupi ni la mchezaji dhaifu. Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Mnaijeria Wellington Jighere alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza michezo minne kwa bila, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Wanaijeria walikuwa wamejizoeza kuyathamini maneno mafupi, yale ya herufi tano hasa, pale wengine walipohangaikia kumaliza vigae vyote saba ili wapate zile pointi 50 za ziada. Katika mchezo wa mwisho, moja ya silaha zake ilikuwa FELTY. Herufi tano, bila maringo. Mtoto wa Bomet mwenye BRISK, THICK na SMOKY kichwani hayuko mbali na njia hiyo, mradi aifuate kwa bidii.

Kwa mpangilio wa kucheza, ushauri wangu ni huu. Anza na STALK. K ikikubali kukaa mwishoni, nenda BRISK, halafu THICK au BLACK kulingana na herufi zilizojitokeza. K ikionekana kuwa imo lakini haitaki kukaa mwisho, PEKOE inaijaribu katikati na kukuonyesha kama kuna E na O. SMOKY na FLAKY zinaijaribu nafasi ya nne pamoja na Y. Ikikataa kabisa, acha K, rudi kwa mengine: HARSH, MALTY, BLOOM, TAINT, PLAIN. Haya nayo ni ya mezani kwa mwonjaji. BLOOM ni ule mng'ao wa punje ambao hufutika zikisuguliwa mno wakati wa kuchambua, na TAINT ni harufu ngeni iliyoingia kutoka kitu kisicho chai, kwa mfano gunia lililobeba mbolea au mafuta ya taa. Usibebe majani kwenye gunia la mbolea. Hilo nalisema kwa mkulima, na mchezaji alisikie pia.

Tumefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kila Oktoba wakulima wadogo wa chai hulipwa bonasi, na kila Oktoba redio za kwetu huwaka moto. Viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, kule Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Meru, kwa kawaida hulipa zaidi ya viwanda vyetu vya magharibi. Mkulima wa Kapset anasikia tarakimu ya mkulima wa Kirinyaga na moyo unamwenda mbio. Akiuliza sababu, anajibiwa kwa neno moja: ubora. Neno hilo limekuwa ukuta. Ndani yake hakuna kidole, hakuna lori lililochelewa, hakuna kikaushio, hakuna moshi. Huwezi kurekebisha "ubora", kama vile huwezi kumtibu mtu anayesema tu kwamba anaumwa.

Lakini STALK inaweza kurekebishwa, na mwenye kuirekebisha ni mkulima. FLAKY inaweza kurekebishwa, na mafundi wa rola wanajulikana. BAKEY ina mtu wake na zamu yake. Majani yaliyoungua kwa kungojea lori yana ratiba ya lori. Waonjaji wa Mombasa huyaandika maneno haya kwa sababu wanajua yanafanya kazi, na viwanda huyasoma. Mkulima, aliyetoa jani na ndiye mwenye kiwanda, ndiye asiyefundishwa kuyasoma. Naona jambo hilo si haki, tena ni hasara kwa wote, maana aliye karibu na jani kuliko mtu yeyote ananyimwa habari za jani lake.

KTDA, inayosimamia chai ya wakulima wadogo, iliundwa kama mamlaka mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Viwanda inavyosimamia ni kampuni zenye wanahisa, na wanahisa hao ni wewe na jirani yako. Mnachagua wakurugenzi. Mna mkutano mkuu wa mwaka. Basi simameni katika mkutano ujao, mwombe jambo dogo lisilo na gharama: maneno ya mwonjaji kuhusu chai ya kiwanda chenu yabandikwe kila wiki ukutani kwenye kila kituo cha kununulia majani, kando ya mizani, na mbele ya kila neno iandikwe maana yake kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, pamoja na mahali kosa lilipotokea. Karani wa kituo atayasoma kwa sauti lori likisubiriwa. Watoto watayakariri kwa ajili ya simu zao, wazee watayakariri kwa ajili ya Oktoba. Mkurugenzi atakayekataa, muulizeni mbele ya wanahisa wote anaogopa neno gani.